Jinsi ya kupanga ada ya taka mtaani bila kuwasukuma watu wakatupe mtaroni

Kama unakaa Dar na nyumba yenu iko karibu na mtaro au korongo, huu mlio unaujua. Mvua ya Machi au Aprili ikishaanza kupiga bati, saa nane za usiku, unasikia milango inafunguliwa mmoja mmoja, ndala zinakimbia kwenye maji, halafu puu, kiroba kimeshuka, mtu anarudi ndani anafunga komeo. Asubuhi mtaro umebeba mzigo wa mtaa mzima, ukiufuata ule mkondo unafika mto Msimbazi, ukiufuata Msimbazi unafika Jangwani, na pale maji yakikosa pa kupita barabara inafungwa na watu wanatoa magodoro nje kuanika.

Mi nimekaa kwenye kikundi cha usafi cha mtaa miaka kadhaa, nimesukuma mkokoteni, nimeshika kitabu cha risiti, nimefungiwa geti usoni, na nachotaka kukwambia kabla hatujaenda mbali ni kwamba wengi wanaotupa usiku sio watu wachafu. Ingia ndani kwao uone, sakafu imepigwa deki, uani kumefagiwa tangu alfajiri, sufuria zimesuguliwa zinang'aa. Wanatupa kwa sababu tulivyoipanga ile ada tulifanya kutupa kuwe rahisi kuliko kulipa, basi. Na ukiipanga vizuri wengi wao wanaacha bila hata mgambo kupita.

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa kamati za mitaa, wenyeviti, watendaji, vikundi vya usafi, na mwananchi yeyote anayetaka kusimama kwenye mkutano wa mtaa akaongea kitu chenye mashiko. Lakini tuelewane kwanza, kiwango chenyewe cha ada hakipangwi mtaani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia halmashauri jukumu la taka ngumu, na bei zinakaa kwenye sheria ndogo za halmashauri, kwahiyo usisimame ukaahidi watu utawashushia bei halafu ushindwe, utapoteza imani yao na ukirudi na jambo la maana hawatakusikiliza. Kilichoko mikononi mwenu ni namna. Hela inapokelewa lini, kwa mkono wa nani, gari linapita siku gani, nani anahesabiwa kaya na nani anahesabiwa biashara, na yule asiye na kitu anafanywaje. Humo ndimo kutupa ovyo kunapozaliwa au kunapokufa.

Anza na lundo, usianze na bei

Chukua daftari, chukua mtu mmoja mnayeaminiana, zungukeni mtaa mzima asubuhi mapema kabla jua halijachoma. Andikeni kila sehemu iliyotupwa taka: mtaroni, kwenye pagale, nyuma ya ukuta wa shule, pembeni ya reli, chini ya nguzo ya umeme. Msiishie kuandika kwamba kuna lundo, angalieni ndani yake kuna nini, maana taka zinaongea kuliko watu.

Ukikuta pampasi nyingi ujue hao ni kaya zenye watoto wadogo, mara nyingi wapangaji, na pampasi huwezi kuichoma wala kumpa mfuga ng'ombe wala kukaa nayo ndani siku tano kwenye joto la Dar, yaani ule mzigo unamlazimisha mtu atoke nao leo leo. Ukikuta manyoya ya kuku na matumbo, kuna mchinjaji au mama wa kukaanga. Vitambaa vidogo vidogo vya rangi rangi, fundi cherehani. Nywele za bandia, saluni. Maganda ya miwa na ya madafu ni wa mikokoteni ya barabarani. Kifusi na vipande vya tofali ni mtu anajenga au amebomoa choo. Na ukikuta viroba vimefungwa vizuri kwa kamba, vingi, vyote sehemu moja, vya ukubwa mmoja, hapo sio mwananchi, hapo ni mtu aliyelipwa kubeba na akaishia njiani.

Kikundi chetu mwanzoni tulirukia kwenye faini, tukabandika makaratasi ya USITUPE TAKA HAPA, na lundo likahama mita kumi na tano kutoka kwenye karatasi. Tulipokuja kupekua tukakuta zaidi ya nusu ya ule mzigo ulikuwa pampasi na mabaki ya chakula, na nyumba nyingi za pembeni zilikuwa zinalipa ada kama kawaida! Walikuwa wanalipa lakini gari lilikuwa halijapita wiki ya pili. Sasa mtu kama huyo unamtoza faini ya nini?

Piga hesabu ya kutupa

Kila mtu ana bei mbili kichwani hata kama hajawahi kuzitamka. Bei ya kutoa taka kihalali na bei ya kutupa. Ile ya kihalali usiihesabu kwa shilingi peke yake, weka na muda wa kusubiri gari, weka na harufu ndani, weka na kugombana na mkusanyaji asiye na chenji. Ya kutupa ni kutembea hatua hamsini gizani na uwezekano mdogo wa kukamatwa.

Halafu katikati yao kuna bei ya tatu ambayo vikao vingi vinaisahau, nayo ni jero. Kuna kijana anapita na mkokoteni au guta, anagonga, anachukua kiroba chako kwa shilingi mia tano, hana risiti, hana kibali, hana mkataba na dampo lolote. Wewe umelipa, umemaliza, roho yako safi. Yeye hawezi kufika dampo la jiji kule Pugu Kinyamwezi na mkokoteni, ni kama kilomita 30 hivi kutoka katikati ya mji, kwahiyo anakwenda hadi kwenye daraja la kwanza ambapo hataonekana. Mwenye taka hajatupa, kijana ndiye aliyetupa, lakini aliyetengeneza ile biashara ni sisi tulioweka ada ya mwezi elfu kadhaa kwa mtu ambaye hela yake inaingia kila siku jioni. Mama anayeuza vitumbua hana elfu tatu ya pamoja tarehe moja, ana jero leo na jero keshokutwa. Jero inamkuta mlangoni, ada yetu inamkuta na daftari.

Hapo mtu mwenye haraka anasema basi tutoze kwa kiroba, anayetoa kingi alipe kingi. Inaonekana haki, na kuna sehemu imefanya kazi, lakini kaa uifikirie vizuri kabla hujaipeleka kwenye mkutano. Mwaka 1992 mji mdogo wa Charlottesville, jimbo la Virginia huko Marekani, ulianza kutoza senti 80 kwa kila mfuko, na wachumi wawili, Don Fullerton na Thomas Kinnaman, wakapima taka za kaya 75 kabla na baada. Ujazo ukashuka kwa asilimia 37 lakini uzito ukashuka asilimia 14 tu, yaani watu walikuwa wanashindilia mifuko kwa miguu. Na katika ule uzito uliopungua, walikadiria kama asilimia 28 huenda ulikuwa umetupwa isivyo halali. Na huo ni mji wenye gari la uhakika na polisi wa kutosha. Sasa wewe una mtaro wazi nje ya dirisha na unataka kumtoza mtu kila akishika kiroba? Kila kiroba atakijadili moyoni, na mvua ikinyesha jibu analo.

Korea Kusini walifanya nchi nzima kuanzia Januari 1995, unanunua mfuko rasmi dukani na bei ya kuzoa imo humo ndani. Imewasaidia kupunguza taka, lakini angalia walichoweka pembeni yake: karatasi, chupa na makopo vilichukuliwa bure, gari lilikuja kweli, na aliyekamatwa anatupa bila mfuko alipigwa faini kweli. Ukichukua mfuko peke yake ukaacha vile vingine umechukua mzigo ukaacha kamba.

Kanuni tuliyoishi nayo sisi ni hii: hela na kiroba visikutane. Mtu akitoa taka asitoe hela saa ileile. Alipe kabla au baada, kidogo kidogo, ila kiroba kikiwa mkononi kiende kwenye gari bila swali.

Mpokee hela kwa namna hela inavyoingia

Tulichofanya ni kumwachia mtu achague, wiki au mwezi. Mwenye mshahara analipa mwezi. Mwenye genge au bodaboda analipa kwa wiki, siku anayoitaja mwenyewe, kwa simu, na malipo yote yaende kwenye namba ya kumbukumbu ya halmashauri au mashine ya risiti kama mkataba wenu unavyotaka, usipokee mkononi ukasema nitakuandikia kesho. Hapa nasisitiza sana. Kinachoua ada ya taka kwenye mitaa mingi sio umaskini, ni risiti. Mtu akilipa mara mbili asipewe risiti, anaamini hela inaliwa, na akishaamini hivyo kutupa mtaroni anaona ni kama kugoma, hata haoni aibu tena, anakwambia mchana kweupe, mpeni huyohuyo mliyempa hela aje azoe.

Tukija kwenye nyumba zetu za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ugomvi wa kudumu ni kaya ni nini. Nyumba moja vyumba nane, wapangaji saba na mwenye nyumba. Mkusanyaji anataka kila chumba kilipe kama kaya kamili, na chumba kimoja anakaa bibi mjane peke yake taka zake za wiki zinaingia kwenye mfuko wa mkate, chumba cha pili kuna baba, mama, watoto wanne na shemeji. Wote bei moja. Bibi anaona ameonewa, na kweli ameonewa, halafu kwa kuwa hana nguvu ya kubishana anaanza kutoa mfuko wake kimyakimya alfajiri akienda kuswali. Ongeeni kwenye kamati, andikeni orodha ya watu ambao mtaa wenyewe unakubali walipe nusu au wasilipe, wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wa kitandani, na mpeleke orodha hiyo kwa mtendaji ipate baraka za halmashauri badala ya mkusanyaji kuamua mlangoni kwa kuangalia sura. Watu kumi na wawili wasiolipa lakini taka zao zinaingia kwenye gari wanagharimu kidogo sana kuliko kufukua mtaro.

Na kama wenye nyumba wanakubali, wekeni ada ndani ya kodi. Mpangaji tayari analipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, akilipa na taka humo humo anasahau kabisa, na mtu aliyeshalipa kitu anakitumia, hawezi kulipia gari halafu akabebe kiroba usiku kwenda korongoni, labda gari lisije. Baba mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu alianza, akaona uani kwake kumekuwa kusafi na wapangaji hawagombani tena nani kaacha mfuko, wenzake wakamfuata.

Gari

Sehemu hii isome mara mbili.

Hakuna ada inayofanya kazi bila gari kupita siku moja, saa moja, kila wiki, hata liwe linapita mara moja tu kwa wiki. Mara tatu kwa kubahatisha ni mbaya kuliko mara moja ya uhakika, maana mtu akijua Jumatano saa mbili asubuhi anapanga, pampasi anazifunga, chakula kilichobaki anakitoa siku hiyo. Akiwa hajui, anaweka nje, mbwa wanapasua, kunguru wanamalizia, jirani analalamika, mwisho anaona bora atupe tu.

Tuliingia makubaliano ya maandishi na mkandarasi wetu kwamba wiki ambayo gari halijapita haidaiwi. Alikataa mwanzoni, akasema dizeli, akasema foleni dampo, akasema mvua, na yote yalikuwa kweli. Lakini tulimuuliza, sasa mwananchi naye alipie mvua? Baada ya miezi miwili alikubali mwenyewe, kwasababu makusanyo yalipanda. Watu waliona gari ndiyo wakatoa hela, haijawahi kuwa kinyume chake.

Na gari lisipoweza kuingia kwenye vichochoro, msimwambie mama abebe kiroba mita mia tatu kwenda barabara kubwa. Wekeni mikokoteni yenu, na wale vijana wa jero niliowataja, wachukueni. Hao hao. Wapeni vizibao, wapeni njia, wapeni malipo ya wiki kutoka kwenye ada, na sehemu moja ya kushusha ambapo gari linawakuta. Wanajua kila mlango, wanajua nani ana taka nyingi na nani anadanganya. Tulichukua wanne. Kijana aliyekuwa anamwaga chini ya daraja sasa ndiye anayewafukuza wenzake pale darajani, kwa kuwa wanamharibia kazi.

Usimsahau anayebeba kwa lori

Mwananchi akilipa vizuri bado taka zinaweza kuishia porini, na hapo kosa linakuwa la ada nyingine kabisa, ile anayolipa mwenye gari akienda kushusha dampo, ukijumlisha na mafuta ya kwenda na kurudi na masaa ya foleni. Dampo la jiji hili limekuwa likisukumwa mbali na watu miaka na miaka, wakazi wa Tabata walienda mahakamani mwaka 1988 kulalamikia moshi na harufu ya dampo lililokuwa pale wakashinda, baadaye ikawa Vingunguti, ikawa Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Walikuwa na haki kabisa, hakuna anayestahili kulala na moshi ule. Lakini kila dampo likisogea safari inarefuka, na dereva anayelipwa kwa mkupuo wa mwezi, awe ameenda dampo au hajaenda, anapata faida kila akiishia njiani. Kipindi cha mvua njia ya kuingilia dampo ikiwa tope, kishawishi kinakuwa kikubwa zaidi.

Dawa yake ni kulipa kwa tripu iliyofika. Mkandarasi alete karatasi ya kupokelewa dampo, yenye tarehe na namba ya gari, mjumbe mmoja wa kamati azihesabu mwisho wa wiki alinganishe na tripu zilizoondoka mtaani. Zikiondoka nne zikafika tatu, muulizeni ile moja iko wapi kabla hamjasaini kitu. Msifanye kwa kumvizia, mwambieni mapema kwamba mtahesabu, mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Kifusi na biashara

Kifusi kinahitaji mpango wake peke yake. Mkusanyaji wa kaya hakichukui, gari la kukodi ni ghali, na mtu aliyebomoa ukuta hana pa kukiweka, kwahiyo kinamwagwa usiku kwenye kiwanja cha wazi, na kifusi kikishakaa sehemu basi ni kama kibao cha kuwakaribisha wengine, ndani ya wiki kuna viroba juu yake. Uingereza wamehangaika na hili hili. Kodi yao ya kutupa taka ardhini ilianza mwaka 1996 ikiwa pauni 7 kwa tani na leo imepita pauni 120, na halmashauri za England peke yake zinarekodi zaidi ya matukio milioni moja ya kutupa ovyo kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2024 wakaamua halmashauri za England zisiwatoze tena wananchi wanaopeleka wenyewe kiasi kidogo cha kifusi cha matengenezo ya nyumba. Kwetu ni rahisi zaidi, maana Dar kifusi kina wateja. Kila mtaa una mtu anataka kujaza shimo au kuinua uwanja maji yasiingie ndani. Anzisheni grupu la WhatsApp la kifusi tu, mwenye nacho aweke picha, anayehitaji aje na guta lake. Kwetu sehemu kubwa ya kifusi kiliisha kwa njia hiyo bila mtu kulipa hata shilingi.

Mama ntilie, saluni, mafundi, wauza kuku, hao watengwe na kaya. Tatizo lao ni kwamba wakipangiwa bei ya biashara kubwa wanajificha, wanaanza kupeleka taka za biashara nyumbani au kwenye mtaro wa nyuma. Kaeni nao kikao, waulizeni wanatoa viroba vingapi kwa wiki, wengi watakwambia ukweli wakiona hamjaja kutafuta faini. Mwenye kiosko cha chipsi na mwenye baa hawawezi kuwa daraja moja, na kama sheria ndogo imewaweka daraja moja, hilo ndilo la kubeba kwa diwani, kwa maandishi, na hesabu zenu za viroba zikiwa zimeambatanishwa.

Punguzeni mzigo wenyewe

Umeshawahi kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa mtaroni, nzima? Mi sijaona. Sababu ni kwamba ukinunua soda ukaondoka nayo unaacha hela ya chupa, ukirudisha unarudishiwa. Yaani malipo yamechukuliwa mapema dukani, na kurudisha ndio kunakolipa, kwahiyo hata ukiitupa wewe kuna mtoto ataiokota. Chupa ya maji ya plastiki nayo, tangu wanunuzi wa plastiki waanze kupima kwa kilo, waokota chupa hawaiachi ikae. Hapo utaona kitu kikubwa kuliko bei: taka yenye kulipa ikirudi haitupwi, taka yenye kudai hela ikitoka inatupwa. Kwahiyo kila mnachoweza kukihamisha kutoka upande wa pili kwenda upande wa kwanza, hamisheni.

Plastiki, makopo na skrepa waachieni waokotaji, msiwafukuze, wapeni sehemu ya kuchambulia yenye kivuli. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya mboga, hayo ndiyo uzito mkubwa wa kiroba cha nyumba ya kawaida, na wafuga ng'ombe na nguruwe wanayataka yakiwa hayajachanganywa na pampasi wala viwembe. Ndoo mbili tu kila nyumba, moja ya maganda, moja ya mengine. Sio kila nyumba itafanya, kwetu haikufika nusu, lakini gari liliacha kuwa na maji machafu yanayochuruzika njia nzima na tripu zikapungua, na tripu zikipungua mkandarasi anapumua na ile habari ya kuishia njiani inapungua nayo.

Faini iwe ya mwisho

Sisemi msiwe na faini. Kuna mtu analipa, gari linapita mlangoni kwake, na bado anatupa, huyo apelekwe kwa mtendaji bila kuonewa haya. Lakini faini kabla ya gari ni kumtoza mtu kwa kukosa huduma mliyoshindwa kumpa. Na msianzishe habari ya kuwalipa watu wachongee majirani bila kufikiria, mtaa wa Uswahilini watu wanaazimana chumvi, wanazikana, ukileta zawadi ya kuchongea umeleta chuki ambayo itakaa kuliko taka. Kilichosaidia kwetu ni kusafisha lile lundo lote siku moja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ni siku ya usafi hata hivyo, halafu saa ileile pakawekwa kitu, mama mmoja akaweka meza ya matunda, pembeni tukapanda mchongoma, balozi akafunga taa. Sehemu tupu inaitisha taka, sehemu yenye mtu haiitishi.

Pima tena

Baada ya miezi mitatu chukua lile daftari la kwanza, zunguka njia ileile, hesabu malundo na pekua tena. Usiridhike na makusanyo kupanda, makusanyo yanaweza kupanda na mtaro ukazidi kujaa, ikiwa mmewabana wenye uwezo na wengine wamehamia gizani. Ukikuta pampasi zimeisha na kifusi kimebaki, unajua pa kushika. Ukikuta viroba vya kufungwa kwa kamba vimerudi, rudi kwenye karatasi za dampo.

Na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha usiku, usilale. Vaa koti, kaa kibarazani uzime taa, sikiliza milango. Mwaka wa kwanza nilihesabu kumi na saba kabla sijachoka kuhesabu. Mwaka uliofuata ilifunguliwa minne, na mmoja kati ya hiyo alikuwa mzee anatoa ndoo kukinga maji.